Alama ya Meno ya Rehema

Nakumbuka asubuhi binti yangu aliponing'ata kidole, damu ikadondokea kwenye uji. Alama yenyewe hii hapa, mwanangu; kila nikimenya muhogo naiona. Na kosa lilikuwa langu.

Rehema alikuwa na miaka sita. Siku zile hapa Garsen neno usonji hatukulijua. Wengine walisema ana jini, wengine wakasema nimemdekeza. Hakuzungumza, hakupenda kuguswa uso, na meno yake ya nyuma yalikuwa yameanza kuoza. Akawa hali chakula, anashika shavu na kulia. "Samaki mkunje angali mbichi," waliniambia shemeji zangu wawili, nami nikadhani kukunja ni kuvunja. Mmoja akamshika miguu, mwingine mikono, mimi nikaingiza mswaki wenye dawa inayowasha. Basi, kidole umekiona.

Tangu siku hiyo, akiniona na kitu mkononi, hata mwiko, hukimbilia chini ya kitanda. Hilo liliniuma kuliko jeraha.

Mama Dhahabo, mfugaji wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila asubuhi, aliona kitambaa kidoleni akauliza. Nilipomweleza, akatua kibuyu chake.

"Mama Rehema, mtamba aliyezaa mara ya kwanza, unamkamua vipi?"

"Mimi mkulima, nitajuaje?"

"Unamgusa bega. Kesho bega tena, halafu ubavu. Na wimbo ule ule. Kiwele ni mwisho. Ukianza na kiwele, utapigwa teke na maziwa atayazuia."

"Sasa unamfananisha mwanangu na ng'ombe?"

"La! Nakufananisha wewe na mkamuaji asiyejua kazi." Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikajaribu. Baada ya uji, mkeka ule ule, kando ya mtungi. Ile dawa niliiacha, nikachovya mswaki majini tu. Mwanzo nilimpa aushike, basi. Kisha nikaugusisha mkononi mwake, begani, shavuni, mdomoni, akigeuka, naacha. Maneno yangu yalikuwa matatu: "Juu. Chini. Tema." Siku moja akaunyakua, akanisugua mimi. Wiki nzima nilisuguliwa mimi, tena kwa nguvu! Ndipo akajisugua mwenyewe, jino moja la mbele. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Hawakusema huiva moja moja.

Sasa Rehema ni mtu mzima, na mswaki wake hangoji kukumbushwa. Nikikosea nikaanza na "chini", hunitazama kama niliyerukwa na akili, akarudia upya.

Mwanangu, uliyejaliwa mtoto kama huyu, anza mbali na mdomo. Hatua moja, mahali pamoja, maneno yale yale. Akikataa, simama, kesho ipo. Usimshike kwa nguvu, maana jino la utoto likitoka huota jingine, lakini imani ya mtoto haioti upesi hivyo. Mungu akupe mkono mwepesi na subira ndefu, na mtoto wako akikuona akukimbilie.

Sisi bado tuko njiani. Gego moja la Rehema limetoboka, na daktari wa meno yuko Malindi. Tumekwenda mara mbili: ya kwanza aliishia mlangoni, ya pili akagusa kiti. Jumatatu tunapanda basi tena. Kama atakikalia, sijui.