Aliyeniamkia Jua Likizama

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sipendi kukatishwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Nkololo, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe sijaionja tangu nizaliwe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba ruksa, dawa za mifugo zinauzwa kwenye baiskeli na mtu asiyejua hata ng'ombe anaumwaje. Josho la kijiji lilikauka, bwana shamba hakuonekana tena. Ukipata shida, ni yako.

Shida yangu ilikuwa ruba. Mume wangu, Baba Kulwa, alinichimbia kidimbwi nyuma ya nyumba, cha kumwagilia nyanya na mchicha. Baada ya mvua za mwaka huo ruba wakajaa humo, na vijinyoo vingine nisivyovijua jina. Ukichovya ndoo unatoka nao, ukiingiza mguu wanaganda. Watu husema fulani ananing'ang'ania kama ruba. Wanaosema hivyo hawajawahi kumbandua ruba, hao. Nilimwaga chumvi, nikamwaga maji ya tumbaku, nikanunua mrututu, ile dawa ya buluu, kwa yule wa baiskeli. Nyanya ndizo zilizokufa, ruba wakanenepa. Nikaambiwa leta bata, bata huwala. Nikaleta. Bata wangu walisimama ukingoni wakiyatazama maji, hakuna hata mmoja aliyeingia. Hapo ningeshtuka, lakini nani anamsikiliza bata?

Tulikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wa umri wa kuanza shule. Siku moja ya jua kali Doto aliinama akanywa maji ya kidimbwi kwa viganja, na ruba mdogo akampanda puani. Damu ikaanza kumtoka, kidogo kidogo, kila siku. Zahanati walimmulika kwa tochi, hawakuona kitu, wakasema nimpeleke Bariadi mjini. Baba Kulwa alikuwa huko huko mjini na mkokoteni na ng'ombe wetu, amekwama kwenye foleni ya pamba. Mtoto akawa mweupe viganjani, akisimama anashikilia ukuta. Niliona kabisa kwamba namzika. Usiniulize nilijisikiaje, kama una mtoto unajua.

Nikaamua kesho yake alfajiri nimbebe mgongoni, nitafika nitakavyofika. Jioni, jua linazama, nikaenda kidimbwini kuchota maji ya kuchemsha nimwogeshe. Nimeinama na ndoo yangu, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Mwangaluka."

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, ni kuulizana mmeamkaje. Jua likishapinduka tunasema mwadila. Hata mtoto anayejifunza kuongea hakosei hapo. Lakini kwetu pia salamu haiachwi ikaanguka chini. Ukiamkiwa unaitika, na mdomo huitika kabla ya akili. Nikaitika, "Mwangaluka, mayu," kama ninavyomwita mama yeyote. Ndipo nikageuka.

Alikuwa mwanamke mzima, mrefu, amejifunga khanga mbili zinazochuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha. Alinitazama vizuri tu, kama jirani aliyekuja kuomba moto.

"Mbona unaniamkia asubuhi na jua linazama?" nikamuuliza.

"Kwetu ndiyo kumekucha," akasema. "Na umeniitikia, basi mimi si mgeni. Twende kwa mgonjwa."

Niamini, nilitaka kupiga kelele majirani waje. Lakini miguu ilitangulia nyumbani, mimi nikaifuata. Na nikuambie ukweli mwingine: sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inamwomba aharakishe.

Alipiga magoti kando ya mkeka wa Doto, akaweka mdomo puani kwa mtoto, akavuta. Kitu kikatoka, cheusi, kirefu kuliko kinavyoweza kukaa katika pua ya mtoto. Nikasubiri ateme. Hakutema. Alimeza, akajifuta kwa upindo wa khanga, akasema taratibu, "Mwangaluka, Doto." Jina nani alimwambia?

Nilitaka kusema usiitike. Nikanyoosha mkono nimzibe mdomo, nikachelewa. Na mtoto niliyemfundisha adabu kwa mkono wangu mwenyewe akaitika.

Yule mwanamke akatoka, akarudi kidimbwini, akashuka ameinamisha kichwa, kama mtu anayeingia mlango mfupi wa nyumba yake. Maji hayakutoa hata sauti.

Damu ilikoma jioni ile ile. Majirani wakanipongeza, na mimi nikapokea pongezi. Kumbe mtoto alikuwa amebadilishiwa siku. Jua likichomoza Doto analala, humwamshi hata kwa maji baridi. Jua likizama anaketi, ananyoosha mikono, anasema, "Mwangaluka." Tulimpeleka shule amelala, mwalimu akachoka kumrudisha nyumbani akiwa amebebwa. Baba Kulwa aliporudi alikifukia kidimbwi kwa udongo na mawe, haikusaidia. Padri alikuja akasali. Mganga tuliyemfuata hadi Nyashimo alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Dawa ya ruba ninayo," akasema. "Dawa ya salamu iliyokwisha kuitikiwa sina."

Leo Doto ni mtu mzima. Anakaanga samaki Lamadi, kando ya barabara kuu, anawauzia madereva wa malori ya usiku. Wateja wanamsifu kwamba hasinzii. Kulwa ana watoto wake, na hajala na pacha wake mchana tangu utoto wao.

Doto huja kunisalimia, lakini hufika jua linapozama, hana saa nyingine. Husimama mlangoni na kusema, "Mwangaluka, mayu." Mimi hujifanya nahangaika na chungu jikoni. Sijamwitikia hata mara moja, kwa sababu siku hizi sauti yake ni ile ile ya mwanamke wa kidimbwini, na anaponijia nasikia matone yakidondoka nje.

Basi wewe, mtu akikuamkia asubuhi yake wakati wa jioni yako, funga mdomo. Wakuite huna adabu, nyamaza. Nyamaza hata kama aliyesimama mlangoni ni wa tumbo lako, na anakusubiri, na unamsikia anaanza kulia.