Rubani Aliyekataa Kushuka Chini ya Kimo

Marubani wenzake walimpachika jina la Rudi-Juu, na walilicheka kabla hata hajawapa mgongo. Alikuwa na miaka hamsini na sita na mashati mawili ya kazi ambayo mkewe aliyapiga pasi kwa zamu. Kampuni aliyoirukia, yenye ndege mbili za viti kumi na tisa, ilikuwa mali ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Yeye ndiye aliyewafundisha marubani wapya, kwenye chumba chenye harufu ya matairi.

Kiwanja chao hakikuwa na mtambo wa kumshika rubani mkono hadi chini. Kulikuwa na mnara wa redio tu, unaokuonyesha upande bila kukwambia uko juu kiasi gani. Ukiupita unawasha saa ya kuhesabu sekunde, unashuka hadi kimo cha mwisho cha kwenye chati, na hapo hapo unabaki. Hata futi moja zaidi ni mwiko mpaka uione njia ya kutua. Saa ikitimia hujaiona, unapanda.

"Na ukikata tamaa mapema?" aliuliza darasani.

"Napanda, napinda, naenda kusubiri," alijibu mmoja.

"Kupanda, panda. Ukipinda, tutakuzika. Waliopima vilima vya hapa walikupimia kupinda kuanzia pale saa inapotimia. Nyoosha mpaka pale kwanza."

Siku moja alimbeba shemeji mwenyewe na wageni watatu wa mgodi, waliokuja kusaini mkataba wa kukodi ndege zote mbili mwaka mzima. Wingu lilikuwa limelalia kiwanja. Kiti cha kulia alikaa msaidizi, mwanafunzi wake wa zamani, aliyeitwa Dogo japo alikuwa na watoto wawili.

Saa ilitimia. Mbele weupe mtupu. Akaongeza nguvu ya injini, ndege ikainua pua.

"Taa zile, Kepteni! Chini yetu!"

"Nimeziona. Tumeshapita."

"Tungejibana tu, tukatua."

"Kajibane kwenu."

Alijaribu tena, ikawa vile vile. Akatua mji wa jirani, mwendo wa saa nne kwa gari. Wageni hawakungoja gari. Walisaini na kampuni nyingine pale pale.

"Shemeji," bosi alimwambia kesho yake, mlango umefungwa, "nakuheshimu kwa ajili ya dada. Lakini Dogo aliona taa."

"Aliziona tumeshazipita. Kutua kutoka pale ni kutumbukiza ndege. Na wewe ulikuwa ndani, shemeji."

"Nilikuwa ndani. Nikaaibika."

Dogo akapewa kiti cha kushoto, cha kepteni. Rudi-Juu akaambiwa apumzike kidogo, na hicho kidogo hakikutajiwa tarehe. Mkewe hakugomba. Alisema tu, huku akikunja nguo, "Ungemfichia kaka aibu siku ile moja, Baba Watoto." 

Wiki ya tatu wingu lilirudi, zito kuliko lile. Alikuwa bafuni akinyoa ndevu aliposikia ndege ya Dogo ikipita juu ya mnara. Bila kutaka, akaanza kuhesabu. Sekunde zilipotimia alisimamisha wembe. Kwa wingu lile, kutoka kimo kile, hakuna jicho ambalo lingeona kitu. Injini ilipaswa kunguruma sasa, ipande, na bosi aisikie huko ofisini kwake.

Haikunguruma. Alingoja, na katika kungoja kule akagundua kwamba masikio yake yalikuwa yametegea sauti nyingine, ya kishindo.

Injini ikalegea, ndege ikashuka, magurudumu yakakwaruza lami.

"Ametua!" mkewe alipaza sauti kwa furaha mlangoni, kisha akaziba mdomo.

"Amepita chini ya kimo."

"Lakini si ametua?"

Alifungua bomba, akainamisha uso. Watu kumi na tisa walikuwa wakishuka ngazi salama, na yeye, aliyewalinda wengine wa namna ile miaka ishirini na nane, hakuweza kufurahi.