Viwavi wenye pembe walivyoniponza kwa mama mwenye nyumba, Gendabi

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kwetu Tabora, kazi nimepangiwa Gendabi huku Hanang. Nilipanga chumba kwa Mama Paskali, mjane mwenye ng'ombe wachache na shamba la viazi vitamu. Tuliishi vizuri tu: kila asubuhi shikamoo mama, marahaba mwalimu, na kikombe cha maziwa juu.

Mvua zilipokolea nikaona viwavi kwenye marando yake, yale majani ya viazi. Wanene kama kidole gumba, mkiani wana kapembe. Wengine kijani, wengine kahawia. Nikawa nainama shambani na simu, nazoom, napiga picha, nasoma mtandaoni. Ni watoto wa hawk-moth, wale nondo wakubwa wanaonyonya maua huku wakielea hewani. Kale kapembe hakachomi, hakana sumu.

Sasa Mama Paskali akamkatia ndama marando mabichi, yamelowa chapachapa. Tumbo likajaa gesi, ndama akafa.

Kesho yake hakuna maziwa. Salamu anaitikia kaangalia pembeni. Nikajua hapa kuna kitu.

Jioni akanivaa: "Mwalimu, wa kijani tunawajua miaka yote. Hawa wa kahawia wamekuja na wewe, ndama kawala kafa. Ulikuwa unainama pale unaweka nini?"

Jamani! Nikamweleza ni mdudu mmoja, tofauti ni rangi. Akaguna tu. Na mimi nikaanza kumshuku: kila nikirudi kutoka shuleni naona kufuli la chumba changu kama limeguswaguswa.

Basi nikajifanya mjanja. Nikachukua viwavi wa rangi zote mbili, nikawaweka chumbani kwenye ndoo zenye udongo, nikawalisha mpaka wakajifukia. Kimya kimya, nilitaka ushahidi kwanza.

Wakatoka nondo wa aina moja, mabawa ya kijivu, tumbo lina mistari ya pinki. Nikamwita mbio, nimefurahi hatari.

Akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Kumbe unawafuga humu humu ndani kwangu." Kisha taratibu: "Ndama wangu amekufa, mwalimu. Wako wameota mabawa."

Nimehama juzi.

Funzo: ukishashukiwa, usitafute ushahidi peke yako umejifungia. Mwite anayekushuku tangu siku ya kwanza.

Chumba nimepata kingine, hakiniumi. Kinachoniuma ni yule mama kuamini nilimuulia ndama wake. Mnaojua namna ya kumrudia nikaeleweka, semeni. Na wa kunicheka pia njooni.