Mashahidi Watatu, Risiti Hakuna

Watu wengi hudhani mkaguzi wa chama cha wazazi ni askari. Sivyo. Mweka hazina hushika pesa, mwenyekiti huidhinisha matumizi, na mkaguzi, asiyegusa hata senti, husoma vitabu na kusema kama kila malipo yana ushahidi. Nilikubali kazi hiyo katika shule ya watoto wangu hapa Germantown, Marekani, kwa sababu mweka hazina alikuwa rafiki yangu, mama Mkongo anayetunza wazee majumbani, na hesabu zake hazikuwahi kunisumbua.

Mwaka ule vitabu vyake vilikuwa safi, isipokuwa mstari mmoja: dola mia sita na arobaini, chakula cha siku ya tamaduni. Alimlipa taslimu mama aliyetupikia sambusa na wali nyumbani kwake. Nilimwomba alete risiti, au karatasi yoyote, kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Jumamosi alifika maktaba ya shule na wanawake watatu waliovaa vitenge vya kanisani, akawapanga mbele ya meza.

"Ushahidi ni hawa," alisema. "Nilitia franga, dola zote, mu mukono ya mupishi, wao wakiangalia. Waulize."

Kwao, malipo makubwa hufanywa mbele za watu, na jambo likaisha. Nilimtafsiria mwenyekiti, Mmarekani mpole. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza risiti iko wapi. Mmoja wa wale wanawake akacheka. "Kumbe hapa karatasi ndiyo ina macho, Mama Risiti?" Tangu siku hiyo ndilo jina langu.

Tulipewa wiki moja, la sivyo jambo lingepelekwa kwa wakubwa wa shule kama wizi. Nikamtuliza rafiki yangu: ni rahisi, mpishi ataandika alichopokea, atie saini, basi. Tulikwenda kwake pamoja. Mpishi alipunguza moto, akatusikiliza, akatikisa kichwa. Kesi yake ya ukimbizi haijasikilizwa, na hana kibali cha kuuza chakula.

"Kwa mdomo nitasema hata mbele ya Mungu," alisema. "Saini, hapana."

Mashahidi nao hawangeweza kuandika bila kumtaja. Wala rafiki yangu hakutaka atajwe.

Kwenye gari alitoa bahasha: mshahara wake wa wiki mbili. "Chukua, yaya, dada yangu. Sema zilipotea, zimeonekana."

Nilimweleza polepole, kama ninavyomweleza mgonjwa dawa zake kazini, kwamba akizirudisha atakuwa amekiri, na kwamba mkaguzi hagusi pesa. Alinisikiliza akiwa ameishika bahasha mapajani.

"Basi nifundishe nifanye nini, Mama Risiti. Si unajua kufundisha?"

Niliwasha gari, nikamrudisha kwake, bahasha bado mapajani.

Fomu ya mkaguzi inauliza kama malipo yote yana ushahidi wa maandishi. Ina kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Haiulizi mkaguzi anaamini nini. Nilitafuta pembeni mwa karatasi mahali pa kuandika kwamba namwamini, nikaandika kwa herufi ndogo, kisha nikatia alama kwenye hapana, nikasaini.

Watoto wetu bado hupanda basi moja. Kituoni rafiki yangu humsalimia binti yangu kwa kumshika kichwa, halafu hutazama barabara, si mimi.