Ubeti Nilioukata

Haya yalinipata saa nane mchana, nikiwa nimeshiba na miwani iko puani. Sasa niambie nilikuwa naota.

Juu ya kilima hapa mjini Saint Paul, Marekani, kuna jumba la matajiri wa zamani, lililojengwa kwa kuiga kasri za wafalme wa Ulaya: malaika wa plasta darini, dhahabu hadi kwenye vitasa vya milango. Mjukuu wangu Neema alinipeleka kwa sababu lina ukumbi wa muziki na kinanda cha mabomba, nami ni mwalimu wa kwaya.

"Babu, mikono mfukoni," aliniambia. "Tukivunja kitu hapa tutahamia jela."

Lakini nikueleze kosa langu kwanza. Wimbo ambao kwaya yetu ya Wakongo hunisifia si wangu. Aliutunga yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, kule Kivu. Kwetu mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho. Yaya alifia katika kambi ya wakimbizi. Nilipofika Marekani niliukata ubeti ule, nikaandika jina langu juu ya karatasi. Hakuna aliyenilazimisha.

Basi, Neema alibaki mlangoni akisoma maandishi ya ukutani, mimi nikaingia ukumbini. Kwenye kinanda ameketi mtu, amenipa mgongo, koti la kahawia, bega la kushoto limeshuka. Bega lile ningelijua popote. Akapiga wimbo wetu. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Unadhani alinyamaza? Akaimba wa nne, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kisha kiti kikawa kitupu. Niamini, sikupepesa jicho.

Mtembeza wageni alipokuja nilimwuliza nani alikuwa akipiga. Akacheka, akasema kinanda kile hakijatoa sauti miaka mingi, matumbo yake yalishang'olewa.

Ningenyamaza. Nilishazoea kunyamaza. Ndipo Neema akanishika mkono.

"Babu, kumbe wimbo wako una ubeti mwingine? Bisimwa ni nani?"

Mtoto huyu amezaliwa hapa. Jina la yaya sikuwahi kulitamka mbele yake.

Jumapili nilisimama mbele ya kwaya nikasema yote. Wengine hawanisalimii tena, na wana haki. Sasa tunaimba beti zote nne, na tukifika wa mwisho bega langu la kushoto hushuka lenyewe. Neema ameliona.

Wewe uliyeficha wimbo wa mtu daftarini mwako, mrudishie angali hai. Akifa atakuja kuuimba mwenyewe, na hutamchagulia wa kumsikia.