Albamu ya majaribio ya Mzee Radi: siku mashabiki wa Same tulipoishia kwenye tope la ndiva

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo nimeshawapokea.

Nimepita humu nikakuta watu wanatukaniana mama zao kwa sababu ya albamu ya mkongwe fulani wa roki wa huko nje. Eti safari hii kaachana na nyimbo za kawaida, anafanya majaribio. Wengine mnasema kapotea, wengine mnasema kafika mbali kuliko akili zetu.

Albamu yenyewe haijatoka!

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeokota hela.

Haya mambo sisi watu wa Same tulishayamaliza zamani. Nawasimulia bila kuongeza chumvi. Waliokuwepo Maore siku ile wengi bado wapo hai na wana bando, waje wanikosoe.

Kwanza mnijue. Shule mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nimesimama maana madawati hayakutosha. Lakini ilipokuja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, wakati wasomi wanalia kwamba mshahara haufiki katikati ya mwezi, mimi nilikuwa stendi ya Same na robota la mitumba. Kutoka mitumba nikaingia kwenye kurekodi kanda. Kutoka kanda nikanunua muziki.

Nikisema muziki namaanisha spika, amplifaya na jenereta. Kuanzia Hedaru mpaka Mwanga hapakuwa na muziki mkubwa kama wangu, na sijisifu, waulizeni. Harusi isiyokuwa na spika zangu watu walidhani ni kikao cha ukoo.

Sasa huyu Mzee Radi.

Vijana hamumjui. Miaka ya bugaluu na nywele za afro alikuwa anapiga roki mijini huko, gitaa la umeme, anapiga limekaa nyuma ya kichwa, anapiga kwa meno. Akina dada walikuwa wanaanguka. Halafu ikaja ile miaka ya foleni za sukari na ugali wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Nyuzi za gitaa zikawa hazipatikani, bendi ikafa, Radi akarudi kwao Maore, pale chini ya milima ya Gonja, akashika jembe.

Miaka ikapita, watu wakadhani kafa.

Siku moja dereva wa basi la Maore akashuka stendi na habari: Mzee Radi yupo, na anatengeneza albamu mpya. Anazunguka kijijini na redio kaseti anarekodi vyura. Anarekodi kinu kinavyotwanga mahindi. Kaenda mpaka kwenye shamba la mkonge kurekodi korona, ule mtambo wa kuchakata mkonge.

Wakuu, Same ikawaka.

Mkumbuke ndiyo mageuzi yalikuwa yameingia, kila mtu anataka awe na chama chake. Mashabiki nao wakagawanyika. Kundi moja likajiita Gitaa Lirudi, lingine Mbele kwa Mbele. Wakawa na wenyeviti na makatibu, na sisi Wapare mnatujua, ukishatupa kikao tutakupa na kesi. Fundi cherehani wa sokoni alikuwa Gitaa Lirudi, akagoma kumpunguzia suruali mtu wa Mbele kwa Mbele. Suruali ilikaa pale na pini zake mpaka ikawa kama bendera ya mpaka.

Mwenyekiti wa Mbele kwa Mbele alikuwa bwana mmoja tuliyemwita Profesa. Alikuwa karani, akapunguzwa kazi ofisi zilipoanza kupunguza watu, kwa hiyo alikuwa na siku nzima ya kutuelimisha. Alivaa tai hata Jumapili jioni. Akasema, "Albamu hii inabomoa ukuta uliopo kati ya sauti na ukimya."

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo tukamwamini.

Mimi sikuwa kundi lolote. Mfanyabiashara hana kundi. Nilipanda basi nikaenda Maore kumwona mzee mwenyewe, nikamkuta anapalilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye makelele ya Same?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuzindulia albamu."

Akaegemea jembe. "Nitaizindulia hapa hapa, mbele ya watu wa kwetu. Mara ya mwisho nilipiga Moshi, watu wakaondoka mmoja mmoja nikabaki na mpishi. Na mpishi alikuwa anasubiri sufuria zake. Safari hii wakiondoka kabla upande wa kwanza haujaisha, gitaa nauza. Kwaya wameshaniambia wanalitaka."

"Kwaya watalipiga kwa meno?"

"Watalipiga kwa upole," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Nilijua hatanii. Lile gitaa ndicho kitu pekee alichorudi nacho kutoka mjini.

Nikamwomba nisikilize kanda kidogo. Akakataa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya watu wa mikoa mingine. Kule kwetu kuna ndiva, yaani bwawa la jadi ambalo mababu walijenga kukusanya maji ya mfereji yanayoshuka mlimani. Ndiva likijaa tope, mashamba ya bondeni yanakufa. Kwa hiyo linasafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Inapigwa pembe, ukiisikia unachukua jembe unakwenda. Usipokwenda unatozwa faini, na faini ya Wapare haisahauliki.

Ila miaka ile ya ruksa msaragambo ulikuwa umelegea. Pembe inapigwa, watu wanasema ujamaa umeisha, kila mtu kwenye biashara yake. Msimamizi wa ndiva, mama mmoja mkali anaitwa Mama Nakijwa, alikuwa anapiga pembe mpaka mashavu yanauma, wanatokea vikongwe watatu na mbwa.

Tuendelee.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumamosi mchana. Mahali ni uwanja wa ghala la zamani la ushirika, ambalo lilikuwa halina kitu tena zaidi ya popo. Nilipeleka muziki wangu kwa lori. Mashabiki wa Same walikuja makundi yote mawili, wakakaa pande mbili za uwanja, hawasalimiani. Vibarua wa mkonge nao walikuja, watu wa Kigoma, wa Songea, kila kabila. Wanakijiji wakajaa mabenchi. Mama Nakijwa kakaa mbele kabisa, khanga kafunga kiunoni, uso kama hakimu.

Spika moja niliielekeza kwa watu. Nyingine, kwa ujuzi wangu, niliielekeza mlimani, ili Gonja nao wajue nimefika.

Mzee Radi akakaa kwenye stuli, gitaa mapajani, hapigi, anasubiri tu watu wasikie kanda kwanza. Nikaweka kanda. Nikafungua sauti mpaka mwisho, maana mimi vitu vya nusunusu siviwezi.

Kikaanza kimya. Profesa akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja asali.

Halafu ikalia PEMBE.

Wakuu, siyo tarumbeta. Pembe yenyewe ya msaragambo. Mzee alikuwa kairekodi siku moja Mama Nakijwa akiipuliza, akaifanya ndiyo mwanzo wa albamu. Ikatoka kwenye spika zangu kubwa kuliko ilivyowahi kulia tangu mababu. Ikaenda ikagonga mlima, mlima ukajibu. Na kabla mlima haujamaliza ikalia ya pili.

Watu wote wakamgeukia Mama Nakijwa. Kakaa pale mikono mitupu.

"Sasa nani anapiga kule juu?" mtu mmoja akauliza.

"Si redio hiyo!"

"Redio iko hapa. Mimi nasikia ya mlimani!"

Wakati wanabishana, barabarani watu wakaanza kupita mbio na majembe. Wale waliokuwa majumbani na mashambani, ambao hawajui habari ya albamu. Pembe kubwa namna ile kwao ilikuwa na maana moja tu: ukuta wa ndiva umebomoka, maji yanakuja kwenye mahindi. Mama mmoja akapita anapiga kelele, "Mmekaa kwenye mabenchi na ndiva linakwenda!"

Hapo hakuna aliyeuliza tena. Uwanja ulisimama kama mtu mmoja. Mabenchi yakaanguka. Gitaa Lirudi wakakimbia. Vibarua wa mkonge wakakimbia, mmoja anasema, "Sina hata shamba mimi, nakimbilia nini?" lakini anakimbia.

Profesa akafumbua macho. Akaangalia uwanja mtupu, akaangalia watu wenye majembe, akanyanyua kidole. "Mmeona? Hadhira imekuwa ndiyo chombo! Hii ndiyo albamu yenyewe!"

Naye akakimbia, na tai yake, na Mbele kwa Mbele wote nyuma yake.

Tukabaki mimi, Mzee Radi, na kanda inazunguka.

Mzee alichukua kitambaa akafuta nyuzi za gitaa, moja baada ya nyingine, kisha akaliingiza kwenye gunia lake taratibu kama anamvalisha maiti sanda.

"Hata wimbo wa kwanza," akasema. "Moshi walifika wa tatu."



Hatujakaa sana wakaja wanaume wawili wenye matope mpaka magotini. "Mzee Radi, unaitwa kwenye ndiva. Una kesi."

Tukaenda. Kanda niliiacha inalia, jenereta yangu ilikuwa na mafuta ya masaa mengi.

Kumbe ukuta haukubomoka. Walifika wakakuta ndiva liko salama na tope lake. Walipotaka kurudi Mama Nakijwa akasimama mlangoni mwa mfereji, akasema, "Mmeshafika na majembe mkononi, mnarudi kufanya nini?" Hakuna aliyethubutu. Wakaingia. Tulivyofika, watu walikuwa wengi kuliko ndiva lilivyowahi kuwaona tangu miaka ya shida. Muuza duka yumo. Fundi cherehani yumo, anapokea karai la tope kutoka kwa Profesa, wa Gitaa Lirudi na wa Mbele kwa Mbele karai moja. Mama Nakijwa alikuwa amemwambia tu, "Wewe mwenye tai, shika hapo."

Na kanda inasikika kutoka ghalani, wazi kabisa. Ilikuwa imefika kwenye ile korona ya mkonge, du-du-ká, du-du-ká, na gitaa linapita juu yake. Majembe yote yalikuwa yanashuka pamoja kwenye "ká". Hakuna aliyepanga.

"Nimetoroka mkonge, mkonge umenifuata," kibarua mmoja akalalamika, jembe linaenda na mdundo.

Mama Nakijwa akaanza kesi. "Radi, nani alikupa ruhusa ya kupiga pembe ya kijiji?"

"Mama, ilikuwa ni wimbo."

"Wimbo gani unatoa watu majumbani?"

Mzee akafungua mdomo kujibu. Pale pale upande wa kwanza ukaisha. Tukasikia *kop!* ya kitufe, halafu kimya.

Majembe yakasimama hewani.

Watu wakaangaliana. Kisha sauti ikatoka katikati ya tope, sijui ya nani mpaka leo: "Geuza!"

Na wengine wakadaka: "Geuza upande wa pili! Tumesimama huku!"

Mzee Radi akanishika mkono. "Wamesemaje?"

"Wanataka ugeuze, mzee."

Alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mimi nikatimua mbio ghalani kugeuza.

Hukumu ilitoka kabla jua halijapungua. Kosa la kupiga pembe bila ruhusa: faini. Faini yenyewe: kila msaragambo utakaoitishwa, Radi atakuja na gitaa lake apige, mpaka tope la ndiva liishe. Na gitaa lisiuzwe wala kuazimwa kwa kwaya, maana ni mali inayodaiwa na kijiji.

"Litaisha lini?" Mzee akauliza.

Mama Nakijwa akamcheka. "Ndiva haliishi, baba. Kila masika yanaleta tope jipya."

Wakuu, somo nililopata ni hili: anayekusifia amekaa kwenye benchi usimwamini sana, na anayekuponda kabla hajasikia usimjibu. Mpe jembe kwanza, mwangalie mikono.

Na wala msisahau kwamba bila mimi kuielekeza spika mlimani hakuna lolote lingetokea. Hilo watu wa Maore huwa wanalisahau makusudi.

Haya, ninyi mnaogombania albamu ya mkongwe wa watu, uwanja ni wenu. Ila mkija, semeni pia ndiva la kwenu lilisafishwa mara ya mwisho lini.