Shukrani Iliyotaka Kumwangusha Nesi

Niseme msimamo wangu mapema, nisije nikasingiziwa. Mtu anayetoa mimba, kura yangu haipati. Nilikuwa hivyo nikiwa msichana, na leo nina wajukuu, niko vilevile. Pale Ujiji tulikuwa tukibishana kila mwaka kama mwezi umeandama au haujaandama, lakini kwenye hilo la mimba msikiti na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo neno lilipoanguka katikati ya kampeni za udiwani, lilianguka pabaya.

Mgombea wangu alikuwa nesi mstaafu, Muha wa upande wa Mwandiga, Mkristo, aliyekwishazalisha wanawake wa kata yetu mpaka tukamwona ndugu. Alishindana na mfanyabiashara mmoja wa samaki, swahiba mkubwa wa mume wangu. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Boti zilishusha watu kutoka Kongo na Burundi, serikali ikiwataka wakae kambini, na wengine wakijipenyeza mjini kutafuta riziki. Mmoja wao, mama wa Kirundi, alikuwa akiuza mawese kando ya meza yangu ya samaki, migebuka, sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini kuongea hakuogopi hata kidogo.

Siku ya mkutano nesi alipomaliza kuomba kura, aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikamwona jirani yangu wa mawese anasimama. Kura hana, hata kibali cha kuwa mjini hana, lakini kasimama!

"Huyu mama Mungu amubariki sana," akasema kwa sauti. "Nimefika hapa na boti, mimi mgonjwa wa kufa. Huyu mama alinitoa mimba! Alinitoa mimba, nikapona!"

Akapiga makofi peke yake.

Jamani, mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa najua anachosema, maana alishanisimulia sokoni. Mtoto alimfia tumboni wakiwa bado ziwani, na alipofika nchi kavu akiwa na homa, nesi ndiye aliyemtoa yule maiti akamwokoa. Kwa lugha yao, na kwa Kiha pia, inda ni tumbo na inda ni mimba. Kichwani alifikiri inda, mdomoni ikatoka mimba, na lile neno la katikati, kwamba ilikuwa imeshakufa, halikutoka kabisa. Nesi naye, badala ya kueleza, akasema tu, "Huyu mama aliumwa, nilimtibu," akakaa. Ya mgonjwa hakuwa na tabia ya kuyaanika, hata kama yangemsaidia.

Mama wa mawese alipoona watu wanaulizana yeye ni nani na anakaa wapi, aliogopa kurudishwa kambini kwa gari la polisi. Kesho yake meza yake ilikuwa tupu. Sasa nani angeeleza?

Kwenye darasa letu la Kurani la wanawake, baada ya alasiri, hatukusoma siku hiyo. "Aliyetolewa kasema mwenyewe kwa mdomo wake!" mmoja akadakia. Nikawaeleza habari ya boti na homa. Mwingine akacheka: "Wewe shoga, muuza mawese kakulipa nini?" Nikafunga juzuu yangu nikaondoka, nisije nikamtia mtu kofi mbele ya bi mwalimu.

Nyumbani nikamkuta mume wangu anakula. Akaniambia, mdomo umejaa ugali, kwamba mwaka huu hakuna mjadala, kura za nyumba hii zinakwenda kwa swahiba yake. "Mimi simpeleki mtoa mimba halmashauri. Nitamjibu nini Mola wangu?"

Hapo damu ikanichemka. Mwanamume huyu!

Lazima nieleze. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilipoteza mimba ya miezi mitano. Mtoto alikuwa ameshatulia tumboni, hachezi tena, na nesi huyuhuyu ndiye aliyenizalisha na kunisafisha. Wengine wangefunga kile kiumbe kwenye gazeti kikaenda shimoni pamoja na uchafu wa siku. Yeye alitoka nje akamwuliza mume wangu, "Shemeji, nasikia nyinyi Waislamu mtoto aliyefika miezi hii mnamzika?" Alikuwa ameshamwosha na kumfunga kitambaa cheupe kipya. Mume wangu akampokea, akaenda naye makaburini na wazee wawili. Mimi sikwenda, kwetu wanawake hatuendi kuzika. Aliporudi alinawa miguu akalala, na habari ile hatukuizungumza tena.

Sasa nikasimama mbele ya sahani yake. "Siku ile nesi alikupa nini mikononi?"

Tonge likabaki hewani. "Kwani hujui?"

"Najua. Nataka useme wewe."

"Mwanangu."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sanda."

"Nani alimvisha?"

Alinawa, akavaa kofia yake akatoka. Nilikaa nikalia, na hasira zangu zote bado ninazo.

Alikokwenda niliambiwa na jirani. Alikwenda kwenye benchi la nje ya msikiti, wanaume wote wapo, na swahiba yake yupo. Akawaambia kutoa mimba ni haramu, hapo habadiliki. "Lakini mtoa mimba hamletei baba maiti ya mwanawe akamzike. Huyu mama aliniletea." Akawaeleza yote, na mambo ya boti pia, kumbe nilivyokuwa nikimsimulia alikuwa akisikia! Swahiba akainuka akaenda zake bila kuaga.

Nesi akashinda. Wapo wanaosema ni sababu ya ahadi ya bomba la maji. Waache waseme.

Baada ya kuapishwa alikuja kwetu kushukuru. Nilikuwa natenga chai. "Shemeji," akamwambia mume wangu, "nimesikia ulivyonisemea. Ahsante sana."

"Usinishukuru mimi," mume wangu akasema, macho yako chini. "Mshukuru..." akataja jina la kike.

Nikasimama na birika mkononi, nawaza ni jirani gani mwenye jina hilo, na yeye kafanya kampeni lini. Nesi alielewa kabla yangu. Aliinamisha kichwa akaitikia, kama mtu aliyesikia dua, "Amina."

Ndipo nikajua kuwa binti yangu ana jina. Baba yake alimpa kule makaburini, na mimi mama yake nilikuwa nalisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.